Maji ya Kijani

Mshale wa joto ulipanda kwa ghafla, ukagonga mwisho wa alama nyekundu, ukabaki hapo hapo.

Cyusa aligonga kioo cha kadrani kwa ukucha. Mshale haukushuka. Walikuwa wameiacha Sake nyuma yao, ziwa likiwa mkono wa kushoto, na kufika Shasha kulikuwa bado kama nusu saa kwa barabara ile ya mashimo. Nyuma ya gari, mahali ambapo viti vilikuwa vimeng'olewa, kulikuwa na jibini arobaini za mviringo, zimepangwa juu ya majani ya migomba na kufunikwa kitambaa safi.

“Kadrani inadanganya,” Cyusa alisema. “Hii moteri haichemkaka.”

“Papa Igiraneza, kuko harufu,” alisema mkewe, Uwamwezi, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Ni ya fromaji. Ziko makumi ine mugongoni mwako, ulitaka zinuke maua?”

Uwamwezi alinyamaza. Kunyamaza kulikuwa kazi yake ya pili baada ya kutengeneza jibini. Lakini harufu ile haikutoka mgongoni. Ilitoka mbele, kwenye matundu ya hewa, nayo alikuwa akiijua: harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni.

Kisha chini ya boneti kukatoka mlio, kama mtu anatikisa mawe ndani ya debe. Mvuke ukafunika kioo chote. Gari likajivuta hatua chache, likasimama. Cyusa akazungusha ufunguo. Kle. Akazungusha tena. Kle. Hakuna kilichozunguka ndani. Alikaa na mkono wake kwenye ufunguo, mdomo wazi, kama baba aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe.

“Imekamata,” alisema kwa sauti ndogo. “Moteri imekamata.”

Alitoka, akafungua boneti, akasimama mbele ya injini, na kuanza kuitajia sifa zake kama mtu anayelilia maiti. “Silinda ine! Supapi kumi na sita! Litre moja na pointi nane! Mwenyewe wa kwanza alitembea nayo kilometa elfu mia mbili na makumi nane, haikumusumbua hata siku moja. Na kwangu, hata mwaka haijatimiza!”

Kijana mmoja aliyepakia magunia mawili ya makaa kwenye pikipiki alipunguza mwendo. “Muzee, uchinje tu! Tugawe nyama!” Akaondoka akicheka, na kicheko chake kikasikika mpaka kwenye kona.

Uwamwezi alikuwa ameshuka upande wa pili. Hakumsikia kijana wala mumewe. Alikuwa akitazama pale bomba la radiateri lilipopasuka. Povu lilikuwa likitoka, likitiririka juu ya chuma, likidondoka barabarani. Lilikuwa povu jeupe, zito, lenye chembechembe. Akashika mlango wa gari kwa mikono miwili.

Povu lile alilijua kuliko alivyoujua uso wake.

“Ni ule binti,” Cyusa alikuwa akisema. “Ule binti fundi, Kavira. Wiki tatu tu, alifungua hii moteri akairudisha. Leo imekufa. Ameniua, kweli ameniua.”

*

Lori la makaa liliwavuta kwa kamba mpaka Sake. Dereva hakutaka pesa. Alitaka jibini tano, na alizichagua mwenyewe, akizibonyeza moja moja kwa kidole gumba kichafu mbele ya macho ya mwanamke aliyezitengeneza. Mbili alizibonyeza na kuzirudisha. “Hizi ziko laini sana,” alisema. Uwamwezi akazifunika tena, na alama ya kidole cheusi ikabaki juu yake.

Njiani simu ya Cyusa haikutulia. Alikuwa Camille, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye depo kule Shasha, ambaye lori lake lilichukua jibini kila juma na kuzipeleka Hombo, na kutoka huko kuingia Walikale.

“Papa Cyusa, uko wapi? Lori inaondoka saa nane. Wachimbaji wa zahabu kule Omate hawakulaka hotuba, wanakulaka fromaji.”

“Tuko na kapanne kadogo ka moteri, patron.”

“Kadogo namna gani?”

Cyusa alikata simu, akaitia mfukoni kwa nguvu kana kwamba simu ndiyo yenye kosa.

Kanyamibwa, kaka yake mkubwa, alikuwa amepata habari na kuwatangulia kufika garajini kwa pikipiki. Ndani ya bei ya gari lile kulikuwa na ng'ombe watano: Cyusa aliuza watatu, Kanyamibwa wawili. Alipoliona likiingia kwa kamba hakusalimia mtu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa haraka.

“Ngombe zangu ziko humu ndani?”

“Ziko,” Cyusa alijibu.

“Ziko nzima?”

Cyusa akaanza kufungua fundo la kamba.

Garaji ya Kavira haikuwa na ukuta wala paa kubwa. Ilikuwa uwanja wa mawe meusi ya volkano pembeni ya barabara, turubai moja, na tairi zilizopangwa kuwa uzio. Yeye mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, amevaa overoli ya marehemu baba yake, iliyokunjwa mara mbili miguuni. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha chuma cha funguo za kufungulia boloti, cha baba yule yule, kizito kiasi kwamba alikisukuma kwa mguu badala ya kukibeba.

“Jambo yenu, ba papa,” alisema. “Mama Igiraneza, jambo.”

“Jambo ya nini?” Kanyamibwa alimkata. Kisha akamgeukia mdogo wake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na barabara nzima: “Nilikuambiya. Moteri haiko sufuria. Unachukua moteri ya silinda ine, unapelekea mutoto mwanamuke. Ulikuwa unangoja nini?”

“Baba yake alikuwa fundi mukubwa.”

“Basi ungepelekea baba yake.”

“Alikufa.”

“Njo ungetafuta mwanaume mwenye kuwa muzima!”

Watu wakacheka. Walikuwa wameanza kukusanyika: vijana wa pikipiki, wanawake wenye mabeseni ya samaki wakitoka Shasha, wapita njia wasio na haraka. Kavira alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka kicheko kikaisha.

“Mushale ilipanda pole pole ao mara moja?” aliuliza.

“Mara moja,” Cyusa alisema.

“Maji ilikuwa imepunguka?”

“Hapana! Wiki mbili hizi radiateri iliacha kuvuja, yenyewe. Ilipona.”

Kavira akainua kichwa. “Radiateri haijiponyaka, Papa. Muliweka maji gani?”

“Maji ni maji. Muke wangu njo anaangaliaka kila asubuhi.”

Kavira alimgeukia Uwamwezi, na macho yote yakageuka pamoja naye. “Mama Igiraneza, uliweka maji gani?”

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Uwamwezi alilihisi, limekaa juu ya ulimi kama punje ya mahindi. Alifungua midomo.

“Ataweka maji gani?” Cyusa alidakia. “Atakojolea ndani?”

Safari hii hata wanawake wa samaki walicheka. Uwamwezi akafunga midomo, na lile neno likarudi lilikotoka.

“Sawa,” Kavira alisema. “Nitafungua mbele ya macho yenu wote. Kama kosa iko yangu, mubebe kisanduku ya baba. Kama haiko yangu, munilipe kazi yangu na muende.”

“Tumesikia,” Kanyamibwa alisema. “Watu wote wamesikia.”

“Lakini tungoje ipoe. Kifuniko ya moteri, kulasi, ukiifungua ya moto inapinda.”

*

Wakangoja tangu adhuhuri mpaka saa tisa.

Kavira alimletea Uwamwezi kiti, kile kimoja tu alichokuwa nacho, akachuchumaa karibu naye kwenye kivuli cha turubai.

“Usisikitike, Mama. Tutaona,” alisema kwa sauti ya chini. “Ile karatasi yangu bado iko?”

“Iko. Niliibandika kwa ukuta.”

“Niliandika makubwa makubwa kwa ajili yako. Siku ile nilikuona unafuata maneno na kidole. Nikasema, huyu mama anajua kusoma, huyu ataangalia hii moteri kuliko bwana yake.”

Uwamwezi aliinamisha kichwa. Angetamani ardhi ya mawe ifunguke.

Karatasi ile ilikuwa nyumbani, juu mlimani, kwenye ubao wa ukuta kando ya kalenda ya kanisa. Aliijua kwa moyo. *Moteri silinda 4, ya esansi, dizeli hapana. Mafuta litre 3 na nusu, kubadilisha kila kilometa 5000. Bujia 4 za kuwashia moto, kusafisha. Maji litre 6, ya kijani tu. Maji ya muto hapana, inaleta kutu. Kila asubuhi, moteri ikiwa baridi, angalia. Ikipunguka, ongeza.* Uwamwezi aliishia darasa la tatu, na tangu hapo kila kilichoandikwa kwa wino alikipokea kama amri. Alimsomea mumewe karatasi yote, polepole. Cyusa alicheka mpaka akashika tumbo. “Maji ya kununua? Masisi hapa, penye mvua inatunyeshea mpaka ndani ya sahani?” Hakununua.

Na kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua, maana radiateri ilikuwa ikivuja tone kwa tone. Uwamwezi alisimama mbele ya injini na kikombe mkononi, hajui la kufanya. Ya mtoni karatasi ilikataza. Ya kijani hayakuwapo.

Jikoni, sufuria lake kubwa la jibini lilikuwa bado na uvuguvugu. Alikuwa ametoa maziwa yaliyoganda, yakabaki yale maji yake: meupe kidogo, mepesi, na ukiyatazama kwenye mwanga, ya kijani. Yalifanana kabisa na yale aliyomwona Kavira akiyamimina siku ile. Na wema wake aliujua tangu utotoni. Ndama walinenepa kwa maji yale. Sufuria la aluminiamu lililolala na maji yale usiku kucha liling'aa asubuhi kama limetoka dukani. Kama yalisafisha sufuria, yangeshindwaje kusafisha injini?

Siku ya kwanza alitia kikombe kimoja. Kesho yake kikombe na nusu. Wiki moja ilipopita, radiateri ikaacha kuvuja. Cyusa alilipiga gari kofi la upendo: “Unaona? Moteri ya Wajapani inajitibu!” Na Uwamwezi, nyuma ya nyumba, alicheka peke yake amejiziba mdomo. Gari lilikuwa la wanaume wa nyumba ile, na ng'ombe walikuwa wao, lakini aliyelitibu alikuwa yeye. Alikaa na siri ile kama mtu aliyefunga sarafu kwenye upindo wa kitenge.

Sasa alikaa juu ya kiti cha Kavira na kufikiri: nikisema, watasema nini? Watasema wanawake wawili wameua gari moja. Na jua likaendelea kushuka.

*

Boloti za kulasi, kile kifuniko kikubwa cha juu kinachofunga silinda zote nne, zilikuwa kumi. Kavira alizilegeza kwa zamu, za pembeni kwanza, za katikati mwisho, robo mzunguko kwa robo mzunguko, midomo yake ikihesabu. Kanyamibwa alisimama nyuma yake akipiga mluzi. Jibini thelathini na tano zilizobaki ndani ya gari zilikuwa zimeanza kutoa jasho, na mtu mmoja aliuliza kama hapa ni garaji au ni jikoni.

“Kaka, unishikiliye hapa,” Kavira alimwambia kijana wa pikipiki. Wakainua pamoja. Kulasi ilitoka kwa sauti ya kitambaa chenye maji kinachochanwa.

Watu wakasogea kuchungulia.

Silinda nne zilikuwa pale, zimepangwa mstari, pistoni mbili juu na mbili chini. Kati ya ya pili na ya tatu, joint, ile gasketi inayoziba chini ya kulasi, ilikuwa imeungua mpaka ikawa majivu. Lakini macho ya watu hayakutazama hapo. Matundu ya maji yanayozunguka silinda, yanayopaswa kuwa wazi kama matundu ya pua, yalikuwa yamejaa kitu cheupe. Kilikuwa kigumu, kinang'aa, kimejipenyeza kila mahali, mpaka chini. Kulasi yenyewe ilipogeuzwa, aluminiamu yake ilikuwa imelika vishimo vishimo, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui.

“Yesu wangu,” mwanamke mmoja wa samaki alisema, na beseni lake akaliweka chini.

Cyusa alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kanyamibwa ndiye aliyeingiza kidole. Akachimba, akatoa kipande, akakibonyeza. Kilirudi kama mpira. Uso wake ukabadilika: alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta.

“Pati!” alipaza sauti. “Ile pati ya kubandikia joint! Muone, watu, muone! Amejaza pati ndani ya moteri ya watu!”

“Pati yangu iko nyekundu,” Kavira alisema. “Papa, angalia ile tibi ya pati pale, iko nyekundu. Hii haiko…”

Sauti yake ilikatika. Alikuwa amechukua kipande naye, anakigeuza, anakisugua kati ya vidole. Baba yake alimfundisha kila kitu kinachoweza kuingia ndani ya injini: kutu, tope, mafuta, vipande vya chuma. Hiki hakukijua.

“Sijaona kitu kama hii,” alinong'ona. “Siku nilipofunga niliosha. Niliosha mimi mwenyewe, na…” Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu anayeiuliza kama inasema kweli. “Nafikiri niliosha.”

Uwamwezi aliitazama mikono ile. Wanaume wa nyumba yake walikuwa wakiishi na harufu ya jibini tangu kuzaliwa, pua zao hazikuisikia tena. Wageni walidhani inatoka nyuma ya gari. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyejua. Na yule binti alikuwa anaanza kuamini kwamba ameua.

Kanyamibwa aliinama, akakikamata kile kisanduku cha funguo, akakiinua kwa pumzi kubwa. Vyuma vikalia ndani.

“Hii ni bei ya ngombe mumoja,” alisema. “Ile ingine tutazungumuza.”

“Papa, nilisema kama kosa iko yangu.”

“Na iko ya nani?”

Uwamwezi akamvuta mumewe mkono wa shati. Alimvuta mpaka nyuma ya gari.

“Papa Igiraneza. Siyo pati. Ni maji ya fromaji. Ni miye niliweka, kila asubuhi.”

Cyusa alimtazama. Akaitazama injini, akamtazama tena. Uwamwezi alingoja kofi; alikuwa amekaza shingo tayari, na kofi lile angelipokea bila kulalamika. Halikuja. Cyusa aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kuona nani amesikia.

“Mutu mwingine anajua?”

“Hapana.”

“Basi funga kinywa. Hata Kanyamibwa asijue.”

“Na yule binti?”

“Yule binti ni dada yako? Yeye hana hata mutoto. Sisi tutakula nini?” Akajipangusa uso kwa kiganja, akarudi mbele ya watu kwa hatua za mtu aliyedhulumiwa, na Uwamwezi akasikia sauti aliyoishi nayo miaka tisa ikisema kwa nguvu: “Kaka, beba na kriki yake ya kuinulia gari pia!”

Kifo cha injini kilikuwa kimemfanya Uwamwezi ashike mlango wa gari. Hili lilimwacha amesimama wima, amekufa ganzi kuanzia nyayo. Alikuwa akimfahamu mtu huyu: mchoyo kidogo, mwenye majigambo, mwepesi wa kucheka. Hakujua kwamba anaweza kuona ukweli kwa macho yake, akauhesabu, akaufunga mfukoni.

Alitembea. Alipita kati ya wanaume, na hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyemwona. Alifika kwenye injini, akaingiza ukucha ndani ya tundu kando ya silinda ya tatu, akang'oa kipande kikubwa kama kidole gumba. Akakitia mdomoni.

“Mama wee!” mtu alipiga kelele. “Ule mama anakula moteri!”

Akatafuna. Kilikuwa na mafuta, kilikuwa na kutu, na chini ya mafuta na kutu kulikuwa na ladha ya jikoni mwake. Alitafuna mpaka mwisho, wote wakimtazama, na akameza.

“Ni fromaji,” alisema. “Maji ya fromaji. Niliweka miye.”

*

Kanyamibwa alikuwa bado ameshika kisanduku. Cyusa aliruka mbele yake, mikono hewani.

“Ana homa! Tangu asubuhi ana homa, musimusikilize!”

Lakini Kanyamibwa alikuwa amekiinua kile kipande chake mpaka puani. Alinusa. Akafumba macho, akanusa tena, muda mrefu, kama mtu anayekumbuka kitu. Kisha akakishusha kisanduku chini polepole, akasogea pembeni, akakaa juu ya tairi na kuwapa wote mgongo. Hakuomba msamaha. Alikaa tu, mgongo mpana, na mgongo ule ulikuwa ukitikisika. Hakuna aliyejua kama anacheka au analia.

Kavira hakushukuru. Alimkaribia Uwamwezi mpaka wakawa uso kwa uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Ulijua tangu saa ngapi?”

“Tangu kwa njia. Niliona povu.”

“Tangu kwa njia.” Kavira alitikisa kichwa. “Wakanitukana, ulikuwa unajua. Kiti nilikuletea, ukakalia.”

“Nilikalia.”

“Sema tena.”

“Niliweka maji ya…”

“Siyo kwangu.” Kavira alinyoosha mkono, akaonyesha barabara. Pikipiki zilikuwa zikiwaka, wengine wakipandisha abiria. Nyuso mpya zikifika na kuuliza kuna nini, na za zamani zikiondoka na habari. Tangu adhuhuri habari ile ilikuwa ikisafiri, upande mmoja kwenda Shasha, upande mwingine kupanda Masisi: kuna binti pale Sake, ameua moteri ya mutu. “Kwa wale. Yangu wameshaisikia. Kesho hakuna mutu ataniletea hata baiskeli kama hawasikii yako.”

Uwamwezi hakuwa amewahi kupaza sauti nje ya nyumba yake. Hata kanisani alifungua midomo tu, akawaachia wengine kuimba.

Cyusa alimkamata kiwiko. “Mama Igiraneza. Twende nyumbani. Nimesema twende.”

Alivibandua vidole vyake kimoja kimoja. Akatembea mpaka ukingoni mwa barabara, akapanda juu ya jiwe jeusi, akasema. Sauti ilitoka ndogo, ile ya jikoni, na lori lililokuwa likipita likaimeza. Akasema tena. Watu wachache waligeuka.

“Anasema nini ule mama?”

“Sijui. Zima, tusikie.”

Kijana mmoja akazima pikipiki yake. Wa pili akazima. Mwingine aliyepakia magunia akakanyaga breki, akaweka mguu chini, naye akazima. Kimya kikatembea kutoka mtu hadi mtu mpaka upande wa pili wa barabara, na wote wakawa wamemtazama yeye.

“Jina yangu ni Uwamwezi, muke wa Cyusa,” alisema, na safari hii alijisikia mwenyewe. “Yule binti alifunga moteri vizuri. Ni miye niliiua.”